Tuzibe Nyufa Kabla Panya Hawajaingia

Masika yamekwisha. Mashamba yaliyokuwa kijani mwezi wa Mei sasa yanageuka kahawia, mahindi yanavunwa, na kila mkulima anayaona matunda ya jasho lake. Lakini yuko mwingine aliyekula pamoja naye shambani msimu mzima, naye hakubali kubaki nyuma chakula kinapohamia nyumbani. Huyo ni panya, mgeni asiyepiga hodi.

Wako wenzetu wanaodhani kwamba panya huletwa na bahati mbaya. Sivyo. Panya wa shambani huzaana baada ya mvua, wakati majani mabichi na mbegu ni tele. Mimba yake huchukua wiki tatu na siku chache tu, na jike mmoja aweza kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mara moja. Kwa hiyo kiangazi kinapoingia ndipo panya wanapokuwa wengi, na ndipo shamba nalo linapobaki tupu. Njaa huwasukuma, na harufu ya mahindi mapya huwavuta.

Hasara ya gunia lililotobolewa tunaiona kwa macho. Iko hasara kubwa kuliko hiyo. Sisi wa Mkoa wa Tanga hatuna haki ya kusahau yaliyoipata Wilaya ya Lushoto kuanzia mwaka 1980. Kwa zaidi ya miaka ishirini tauni ilikuwa ikiondoka na kurudi. Maelfu ya watu waliugua, na mamia walipoteza maisha. Viini vya maradhi hayo viligunduliwa na Alexandre Yersin mjini Hong Kong mwaka 1894. Miaka minne baadaye Paul-Louis Simond alionyesha kwamba mchukuzi wake ni kiroboto. Panya mgonjwa akifa, viroboto huuacha mzoga na kutafuta damu nyingine. Na aliye karibu ni mtoto aliyelala sakafuni kando ya magunia.

Hapo pana fundisho ambalo wengi hawalijui. Wananchi wakiona panya wanakufa ovyo bila kutegwa, wasifurahi. Wasiwashike kwa mikono, bali wampe habari Bwana Afya mara moja. Penye shaka ya tauni, viroboto ndio huuawa kwanza, na panya baadaye. Anayeanza na panya huwafukuza viroboto kutoka kwa mnyama na kuwaelekeza kwa binadamu.

Lakini heri kinga. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika jambo hili maneno yao ni kweli tupu. Tundu linalopitisha kidole gumba laweza kumpitisha panya mdogo. Tundu hilo lisizibwe kwa udongo mtupu, maana panya ataufukua usiku uleule. Lizibwe kwa saruji, au kwa waya uliosokotwa na kushindiliwa ndani. Nafaka ikaushwe vyema, kisha iwekwe katika pipa au debe lenye kifuniko. Mwenye kihenge akiinue juu ya nguzo kiasi cha mita moja kutoka ardhini, na kila nguzo aivishe bati ili panya ateleze anapopanda. Vichaka na kuni zisiegemezwe ukutani. Mtego na paka havijapitwa na wakati. Bali sumu iliyochanganywa na chakula na kuachwa jikoni haichagui kati ya panya na mtoto.

Hata hivyo, yote haya yakifanywa na nyumba moja peke yake ni kazi bure. Panya aliyefungiwa mlango kwa jirani huhamia kwa jirani wa pili, na baada ya wiki chache wanawe hurudi kule kule. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wengi nchini katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka kwa mikono yao. Hawakungoja mgeni awafanyie.

Na sisi viongozi hatuna budi kujikosoa. Katika mkutano mmoja tuliohimiza usafi, mzee mmoja alisimama akauliza: "Ndugu zangu, nyumba yangu nimefagia. Je, lile jaa la sokoni ni la nani?" Tulimjibu kwa maneno mengi, lakini jaa tuliliacha pale pale. Ukweli ni kwamba panya wa mzee yule hakutoka kwake, alitoka kwetu. Kiongozi anayeagiza nyumba zifagiliwe, huku jaa la umma likinuka nyuma ya ofisi yake, hana uso wa kumlaumu mwananchi.

Tunatoa wito kwamba kabla gunia la kwanza halijaingia ndani, kila balozi wa nyumba kumi akae na watu wake, wapange siku moja, na nyumba zote zizibwe nyufa siku hiyo hiyo. Siku hiyo sisi tuonekane tumeshika majembe na mafagio, tukianzia pale sokoni alipotuonyesha mzee yule.