Breki Mpya, Pedali Laini: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kuondoka Tabora

Na Mwandishi Wetu, Tabora

Mmiliki wa gari anayeondoa breki za dramu na kuweka za diski, au anayefunga kalipa kubwa zilizotoka kwenye gari zito zaidi, hutarajia gari lake lisimame upesi kuliko awali. Wakati mwingine hukuta kinyume chake. Akikanyaga pedali, mguu unazama kama uliokanyaga sifongo. Fundi humwambia kuwa upepo haujaisha kwenye mfumo, hivyo urudiwe kutolewa. Unatolewa mara ya pili, kisha ya tatu, na hatimaye gari linarudi barabarani kwa maelezo kuwa pedali itakaza yenyewe baada ya siku chache.

Haitakaza yenyewe. Kwa madereva wa Tabora jambo hili lina uzito wa pekee kutokana na umbile la nchi. Mji upo kwenye uwanda wa juu, takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Dereva anayeelekea Dodoma hupita Nyahua, Chaya na Itigi hadi Manyoni, safari ya zaidi ya kilomita 200, bila kukutana na mteremko wa kuipima breki yake sawasawa. Baada ya Manyoni nchi inashuka kwenye ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Bahi. Barabara hiyo inafuatana kwa kiasi kikubwa na njia ya misafara ya karne ya 19, iliyotoka Bagamoyo, ikavuka Ugogo na nyika ya Mgunda Mkali kabla ya kufika Unyanyembe. Mpagazi wa wakati huo alibeba mzigo wa takriban kilo 30. Lori moja la tani 30 linabeba mzigo wa wapagazi elfu moja, na linaushusha mteremko huo kwa kutegemea breki.

Upande wa magharibi hali haitofautiani sana, kwani njia ya kwenda Ujiji inaishia kwenye Ziwa Tanganyika, ambalo usawa wake ni mita 770 hivi. Kwa hiyo anayejaribu breki mpya kwa kuzunguka mitaa ya Tabora mjini na kuridhika, bado hajaijaribu.

Ili kuelewa kasoro ilipo, ni vyema kukumbuka namna mfumo unavyofanya kazi. Pedali husukuma pistoni ndani ya silinda kuu ya breki, ile ambayo mafundi huiita masta. Masta husukuma mafuta ya breki kupitia mabomba na mipira hadi kwenye magurudumu, na huko mafuta husukuma pistoni za kalipa ili pedi zibane diski. Mafuta hayasindiliki, bali hewa husindilika. Kiasi kidogo cha hewa kikibaki ndani, sehemu ya mwendo wa pedali huishia katika kuisindilia hewa hiyo badala ya kubana diski.

Kabla ya kufungua chochote, ulaini wenyewe uchunguzwe, kwa kuwa haufanani wote. Pedali ikikanyagwa haraka mara tatu au nne ikapanda na kukaza, tatizo ni hewa au nafasi iliyozidi kati ya pedi na diski, au kati ya viatu vya breki na dramu. Ikikanyagwa kwa nguvu ileile bila kuachiwa, kisha ikazama polepole hadi chini, mafuta yanavuja mahali fulani au raba za masta zimechoka. Ikienda mbali lakini ikagota imara, na kupampu hakubadilishi kitu, hapo hesabu ya masta na kalipa ndiyo ya kutiliwa shaka. Injini inapowashwa huku mguu ukiwa umekanyaga, pedali kushuka kidogo ni jambo la kawaida. Ni busta inayoanza kusaidia.

Tuanze na hewa, maana fundi hakosei kuishuku kwanza. Kosa linalojirudia baada ya kufunga kalipa mpya ni kubadilishana ya kulia na ya kushoto. Kalipa nyingi hukubali kufungwa upande wowote, ila skrubu ya kutolea upepo hugeukia chini. Hewa hukaa juu. Mtu anaweza kumaliza chupa kadhaa za mafuta akiutoa upepo kwa uangalifu wote, na kiputo kikabaki palepale juu ya pistoni. Dawa yake ni kuzirudisha kalipa upande wake ili skrubu ziwe juu. Pengine pa kuangaliwa ni vali inayopima mzigo karibu na ekseli ya nyuma, iliyopo kwenye pikapu na magari mengi ya mizigo, ambayo baadhi yake ina skrubu yake ya kutolea upepo na husahaulika. Kwa magari yenye ABS, hewa iliyoingia kwenye kifaa hicho huweza kuhitaji mashine ya uchunguzi ili itoke.

Utoaji wenyewe unahitaji watu wawili, mpira unaopitisha mwanga na chupa yenye mafuta kidogo ambamo ncha ya mpira inazama. Kwa kawaida huanzwa na gurudumu lililo mbali zaidi na masta, isipokuwa kitabu cha gari kikielekeza vingine. Msaidizi anakanyaga polepole, fundi anafungua skrubu na kuifunga kabla mguu haujaachia. Kopo la mafuta lisiachwe likauke hata mara moja, na mafuta yaliyotoka yasirudishwe.

Ipo hatari nyingine hapa ambayo wengi hawaifahamu. Masta iliyotumika miaka mingi huwa na kutu au uchafu sehemu ya mwisho ya silinda, ambako raba hazifiki katika matumizi ya kila siku. Pedali inapokanyagwa hadi sakafuni wakati wa kutoa upepo, raba hupita juu ya sehemu hiyo na kuchanika. Masta iliyokuwa nzima asubuhi inaharibika jioni, na lawama inaangukia kalipa mpya. Kipande cha mbao kikiwekwa chini ya pedali kuzuia mwendo wa mwisho, ajali hiyo ya gereji huepukika.

Sasa ile hesabu. Tuchukue mfano wa kalipa ya zamani yenye pistoni moja ya kipenyo cha milimita 54, ikabadilishwa kwa yenye pistoni ya milimita 60. Tofauti inaonekana ndogo, lakini eneo la pistoni linapanda kutoka takriban milimita za mraba 2,290 hadi 2,827, yaani asilimia 23. Masta ileile sasa inatakiwa kutoa mafuta zaidi kwa kiwango hicho ili kuzisogeza pedi umbali uleule, na mafuta hayo hupatikana kwa kuizamisha pedali zaidi. Hapo hakuna upepo wa kutoa.

Suluhisho ni masta kubwa zaidi. Ikitoka milimita 22.2 kwenda 25.4, eneo lake linaongezeka kwa takriban asilimia 31 na pedali inapanda. Mguu nao utahitaji kusukuma kwa nguvu zaidi kwa kiwango hichohicho ili kupata shinikizo lilelile, ingawa kwa magurudumu ya mbele ukubwa wa kalipa mpya unafidia sehemu kubwa ya uzito huo. Breki za nyuma ambazo hazikuguswa ndizo zinazopoteza. Kwa nguvu ileile ya mguu zitapata shinikizo pungufu kwa karibu robo, na uwiano wa mbele na nyuma utabadilika. Kwa maoni ya mwandishi, asiyeweza kugharamia masta inayolingana na kalipa aache breki za kiwandani zilivyo na anunue pedi nzuri.

Mipira ya breki iliyozeeka huvimba chini ya shinikizo, na ibadilishwe kazi hiyo inapofanyika. Viatu vya dramu za nyuma virekebishwe kabla ya kulaumu kitu kingine. Mafuta yawe ya daraja lililoandikwa kwenye mfuniko wa kopo. DOT 4 mpya huchemka si chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini kwa kuwa hunyonya unyevu, kiwango hicho huweza kushuka hadi nyuzi 155. Yakichemka mteremkoni hugeuka mvuke, na mvuke husindilika kama hewa. Mafuta ya injini au ya usukani yasitumike kabisa, kwani huvimbisha raba.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inataka chombo cha moto kinachotumika barabarani kiwe katika hali nzuri, na breki zilizobadilishwa hazina msamaha. Baada ya matengenezo gari lijaribiwe kwanza bila abiria wala mzigo, mahali pa wazi, kwa mwendo mdogo. Kisha viungio vyote vikaguliwe kama vinavuja, na kina cha mafuta kwenye kopo kitazamwe tena asubuhi inayofuata, kabla ya safari ya Manyoni.