Saini ya Rais, Kura ya Bunge

Mwaka 1997 kambi ya Mudende, mkoani Gisenyi nchini Rwanda (leo iko wilaya ya Rubavu), ilijaa Watutsi wa Kongo waliokimbia vita Masisi. Ilikuwa karibu na mpaka waliouvuka. Wanamgambo waliivamia Agosti, wakairudia Desemba, na mamia ya watu wakauawa. Walionusurika walihamishiwa Gihembe, upande wa Byumba, mbali na Kongo.

Mbali na mpaka: ndivyo Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wa 1969 kuhusu wakimbizi unavyoagiza, kadiri hali inavyoruhusu. Rwanda iliuridhia mwaka 1979. Bunge gani liliujadili? Halikuwapo. La zamani lilizimwa na mapinduzi ya Julai 1973, na jingine halikuchaguliwa hadi mwishoni mwa 1981. Sisemi kwamba kura ingewaokoa watu wa Mudende. Ila mkataba unaopita bungeni humleta waziri mbele ya kamati, aulizwe: watakaa wapi, nani atawalinda, fedha zitatoka fungu gani?

Siku hizi Katiba ya Rwanda inamwachia Rais kujadili na kuridhia mikataba, lakini kwa ile mizito lazima Bunge likubali kwanza. Hiyo ni ya amani, ya biashara, inayoigharimu hazina, inayobadili sheria au inayogusa hadhi ya watu. Kuachia ardhi ya nchi huhitaji hata zaidi, yaani kura ya maoni ya wananchi wote. Mkataba ukisharidhiwa na kuchapishwa katika Gazeti la Serikali, una nguvu ya sheria.

Mfano wa karibuni ni mkataba wa kupokea waomba hifadhi kutoka Uingereza, uliosainiwa Kigali tarehe 5 Desemba 2023. Kule London, Januari 2024, wajumbe wa baraza la juu la Bunge walipiga kura 214 kwa 171 kwamba usiridhiwe mpaka ulinzi wa watu hao uthibitike. Serikali ikaendelea, kwa kuwa sheria yao ya 2010 inalipatia baraza la chini pekee uwezo wa kuzuia kabisa. Kigali, Seneti iliupitisha Machi.

Na hapo ndipo wengi hukosea: kura ya Bunge ni ruhusa tu, haiilazimishi serikali kutekeleza. Julai 2024 serikali mpya ya Uingereza iliingia madarakani na siku iliyofuata tu ikatangaza kwamba mpango huo umekufa.