Gesi Inayoteketea Bure Visimani

Kwenye Delta ya Niger, nchini Nigeria, kuna vijiji visivyopata giza kamili la usiku. Mwali mkubwa wa gesi huwaka juu ya bomba la chuma, usiku na mchana, mwaka hadi mwaka. Gesi hiyo hupanda kisimani pamoja na mafuta. Mafuta yana soko. Gesi inahitaji bomba refu, au ipoozwe hadi nyuzi 162 chini ya sifuri ndipo iwe kimiminika. Gharama hiyo ikimshinda mwenye kisima, anaichoma. Benki ya Dunia ilikadiria kuwa mwaka 2023 zilichomwa hivyo mita za ujazo bilioni 148 duniani kote.

Sehemu kubwa ya gesi hiyo ni methani, ileile inayotoka kwenye samadi na madampo yetu. Kuichoma ni afadhali kuliko kuiachia: kwa kipindi cha miaka 20, methani hupasha dunia joto takriban mara 80 zaidi ya hewa ya ukaa ya uzito uleule.

Ukiiongezea methani atomu moja tu ya oksijeni, unapata methanoli, kimiminika cha kubebwa kwa lori na kuendesha injini za meli. Ugumu ni kwamba methani hushikilia haidrojeni zake nne kwa nguvu nyingi, na methanoli ikishapatikana huungua upesi kuliko methani yenyewe. Oksijeni haiishii hapo. Inaendelea kuila mpaka inabaki hewa ya ukaa. Kwa hiyo viwanda huzunguka: methani huvunjwa kwa mvuke kwenye joto linalopita nyuzi 800, kisha vipande huunganishwa upya. Mitambo hiyo ni mikubwa na ghali, haifai kisima kidogo cha porini.

Ajabu ni kwamba bakteria aitwaye Methylococcus capsulatus huifanya kazi hiyo kwenye maji ya nyuzi 45 tu, kwa kimeng'enya chenye shaba. Wanasayansi wanajaribu kuiga ustadi huo ili watengeneze mitambo midogo ya kupelekwa palepale kisimani.

Hata hivyo, methanoli nayo ikichomwa hutoa hewa ya ukaa. Faida ipo pale tu gesi iliyotumika ingepotea bure. Kuchimba kisima kipya kwa ajili yake si usafi hata kidogo. Basi anayekuuzia mafuta yaitwayo safi, muulize kwanza gesi yake imetoka wapi.