KITABU KUVUKA MPAKA: MAELEZO JUU YA MAKTABA KUAZIMANA, KWA MFANO WA KIBONDO NA KASULU

Hakuna maktaba hata moja duniani yenye vitabu vyote. Kwa sababu hiyo maktaba za nchi mbalimbali zimejiwekea utaratibu wa kuazimana, ili msomaji aliyekosa kitabu mahali alipo aletewe kutoka kwingine, hata kama ni nje ya nchi yake. Maelezo haya yanatolewa ili wananchi waufahamu utaratibu huo na wajue pia mahali unapokwama. Mfano uliochukuliwa ni wa Kibondo na Kasulu, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma karibu na mpaka wa Burundi, ambako haja ya kitabu cha nchi ya pili imeonekana wazi kwa miaka mingi.

MSINGI WA UTARATIBU

Kanuni za kuazimana kati ya nchi na nchi zilikubaliwa mwaka 1954 chini ya Shirikisho la Kimataifa la Vyama na Taasisi za Maktaba, linalojulikana kwa kifupi kuwa IFLA. Zimerekebishwa mara kadhaa tangu hapo, zikiwemo mara za mwaka 1978 na 2009. Nguzo yake kuu ni kwamba mkopo huwa baina ya maktaba na maktaba, wala si baina ya maktaba na mtu binafsi. Mwenendo wake ni huu:

(a) Msomaji hupeleka haja yake kwa mkutubi wa maktaba anayoitumia. Mkutubi huhakikisha kwanza kwamba kitabu hakipatikani ndani ya nchi.

(b) Ombi hupelekwa kwa maktaba ya nje inayojulikana kuwa nacho, ama moja kwa moja, ama kwa kupitia maktaba kuu ya taifa. Kwa Tanzania Bara, Maktaba Kuu ya Taifa ipo Dar es Salaam na ilifunguliwa mwaka 1967. Inasimamiwa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria ya mwaka 1975.

(c) Maktaba yenye kitabu huamua kama itatoa kitabu chenyewe au nakala ya sehemu inayotakiwa, na huweka muda wa kukirejesha. Vitabu adimu na vile vinavyotumika sana kwa kawaida havitolewi.

(d) Tangu kitabu kinapotumwa hadi kirudi, dhamana ni ya maktaba iliyoomba. Kikipotea au kikiharibika, hata kama ni njiani, maktaba hiyo ndiyo hulipa.

Gharama nazo zimefikiriwa. Kwa kuwa kulipa fedha ndogo ndogo za kigeni kwa njia ya benki huweza kugharimu kuliko huduma yenyewe, IFLA ilianzisha mwaka 1995 kadi za malipo ambazo maktaba zilipeana badala ya fedha, na kadi moja iliweza kutumika tena na tena. Mkataba wa Florence wa mwaka 1950, uliotiwa nguvu na Itifaki ya Nairobi ya mwaka 1976, unazitaka nchi wanachama, Tanzania ikiwa mojawapo, zisitoze vitabu ushuru wa forodha. Aidha, posta za dunia zina mfuko maalumu wa machapisho kwa anwani moja, wenye uzito usiozidi kilo 30.

MAKASHA YA VITABU

Katika Afrika ya Mashariki jambo hili si geni. Shirika la East African Literature Bureau, lililoanzishwa mwaka 1948, pamoja na kuchapisha vitabu lilikuwa na huduma ya maktaba isiyojali mipaka ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Makasha ya vitabu yalipelekwa katika vituo vya mbali, na msomaji aliyekaa peke yake aliletewa kitabu kwa posta. Baada ya uhuru kazi hiyo iliachiwa maktaba za kila nchi. Kila nchi ikajenga maktaba zake, lakini makasha ya pamoja yakakoma.

HALI YA KIBONDO NA KASULU

Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Kongo. Wilayani Kibondo, kambi ya Nduta ilifunguliwa tena mwaka 2015 ili kupokea wakimbizi wa Burundi. Shule za kambi hizo ziliwekwa zifuate mitaala ya nchi walikotoka wanafunzi, kwa kusudi kwamba watakaporejea kwao waendelee na masomo bila kurudishwa nyuma.

Uamuzi huo ulikuwa na hoja nzito, lakini ulileta tatizo la vitabu. Mwanafunzi wa Kirundi au wa Kikongo aliyefundishwa kwa Kifaransa hakuweza kukipata kitabu chake katika shule au duka la Kasulu, kwa kuwa shule na maduka hayo huweka vitabu vya mtaala wa Tanzania. Kitabu chake kilikuwa ng'ambo ya mpaka, katika nchi aliyoikimbia. Wala hakuweza kukifuata mahali pengine, kwa kuwa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamzuia mkimbizi kutoka nje ya eneo alilopangiwa bila ya kibali. Msomaji alikuwa hawezi kwenda kwenye kitabu. Ilibidi kitabu kimwendee yeye.

Hapa ndipo udhaifu wa utaratibu unapoonekana. Kanuni zote zilizotajwa huanza na maktaba iliyo upande wa msomaji: yenye mkutubi wa kuandika ombi, anwani ya kupokelea mzigo, na fungu la fedha la kulipia kitabu kikipotea. Pasipokuwa na maktaba hiyo, ombi halina pa kuanzia, hata kama kitabu kipo mwendo wa siku moja. Kwa hiyo aliye mbali zaidi na vitabu ndiye aliye mbali zaidi na njia ya kuviazima.

Shirika la Bibliothèques Sans Frontières lilijaribu njia nyingine mwaka 2014, lilipopeleka maktaba nzima ndani ya makasha, pamoja na kompyuta na vitabu, katika kambi za wakimbizi wa Kongo nchini Burundi. Njia hiyo haiondoi haja ya kuazimana; inampatia msomaji maktaba ya kuanzia.

Wenyeji nao wanahusika. Kiha na Kirundi ni lugha za karibu sana, hata Muha na Mrundi husikilizana bila mkalimani. Kitabu cha Kirundi cha hadithi au cha kilimo kingesomeka na watu wengi wa Kibondo na Kasulu, kama kingekuwapo.

NJIA MPYA NA MIPAKA YAKE

Siku hizi makala nyingi hutumwa kwa kompyuta badala ya posta. Tangu mwaka 2002 mpango wa HINARI, chini ya Shirika la Afya Duniani, umeziwezesha taasisi za nchi zenye kipato kidogo kusoma majarida ya tiba bila malipo au kwa malipo madogo. Hata hivyo, ifahamike kwamba kitabu cha kompyuta mara nyingi hakinunuliwi bali hukodiwa kwa mkataba, na mikataba mingi hairuhusu kukiazimisha nje ya nchi. Kitabu cha karatasi hakina kizuizi hicho.

Kwa wasioona na wenye uoni hafifu, Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 umefungua njia. Unaruhusu nakala za nukta nundu, za maandishi makubwa na za sauti zipelekwe kutoka nchi mwanachama hadi nyingine bila kuomba idhini ya mwenye hakimiliki. Kenya ilijiunga mwaka 2017, Uganda 2018 na Tanzania 2020. Shule ya Kabanga wilayani Kasulu, ambayo kwa miaka mingi imepokea watoto wasioona, viziwi na wenye ualbino, ni mfano wa mahali ambapo mkataba huo ungeweza kuleta faida kubwa.

LINALOMPASA MSOMAJI

Msomaji anayehitaji kitabu kisichopatikana, awe Kasulu au Visiwani, aanze kwa mkutubi wa maktaba iliyo karibu naye. Aende na jina la mwandishi, jina la kitabu, mwaka na mahali kilipochapishwa, na kama ni makala, jina la jarida na kurasa zake. Aeleze anakihitaji kwa tarehe gani, na aulize mapema juu ya gharama. Akishakipata akirejeshe kwa wakati, kwa sababu maktaba ya nje haimjui yeye. Inaijua maktaba iliyomdhamini. Kitabu kimoja kisichorudi huweza kuwafungia mlango wasomaji wote wa maktaba hiyo.