Risiti za Dawa na Fungu la Mwezi

Mwalo wa Igombe, kando ya jiji la Mwanza, haujui tarehe ya mshahara. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa katika usiku wa giza, na mbalamwezi itandapo juu ya ziwa mitumbwi hupumzishwa. Kwa hiyo baba aliyeahidi mbele ya afisa ustawi wa jamii kwamba atampelekea mama wa mtoto wake fungu maalumu kila mwisho wa mwezi, ameahidi kwa kalenda isiyokuwa ile impayo riziki. Homa ikimshika mtoto katika siku hizo za uchache, baba, akiisha kulipia vipimo, kitanda na dawa, huhifadhi risiti zake, kisha hupeleka kilichosalia akisema kwamba kilichopungua amekwisha kukitoa hospitali.

Hoja yake si ya kupuuzwa, madhali fedha imetoka katika mfuko uleule na aliyenufaika ni mtoto yuleyule. Walakini mama naye hujibu kwamba mtoto aliyelazwa hakuacha kula, wala mwenye nyumba hakusamehe kodi. Na mimi naiona hoja hii kuwa nzito zaidi, kwani fungu la mwezi lilikadiriwa kwa chakula na maskani, na ugonjwa hauvipunguzi vitu hivyo, bali huongeza juu yake nauli ya kupanda hospitali ya Bugando, uji wa mgonjwa, na siku ambazo meza ya mama pale soko la Mwaloni Kirumba ilikaa bila mwuzaji.

Sehemu ya mzozo huu imo katika sheria zenyewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 129, humwajibisha baba kuwapa watoto wake makazi, mavazi, chakula na elimu kwa kadiri ya uwezo wake, lakini matibabu haikuyataja. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ndiyo iliyoyataja bayana, pamoja na chanjo, tena ikaiagiza mahakama itazame pato la wazazi wote wawili na gharama za maisha mahali akaapo mtoto. Lakini makubaliano mengi huandikwa kwa tarakimu moja tu, bila ya kueleza kama dawa zimo ndani yake au ziko nje.

Watoto walio chini ya miaka 5 hutibiwa bure katika vituo vya serikali, ila dawa ikikosekana dirishani mzazi hutumwa duka la nje, na risiti ya duka hilo ndiyo aghalabu igombewayo. Toto Afya Kadi, bima ya afya ya mtoto iliyouzwa shilingi 50,400 kwa mwaka, iliwaepusha wengi na ugomvi huu, hata mwaka 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliposimamisha usajili wa mtoto mmojammoja na kuuelekeza shuleni.

Zaidi ya hayo, Kanda ya Ziwa ina watoto wengi wenye selimundu, ambao kliniki kwao ni desturi, si ajali. Gharama ijulikanayo kabla haina udhuru wa kuachwa nje ya maandishi. Katika majimbo mengi ya Marekani matibabu yasiyolipwa na bima hugawanywa baina ya wazazi kwa kadiri ya mapato yao, mbali na fungu la mwezi; hapa nasi hakuna kinachomzuia hakimu kuandika hivyo, akaongeza na hospitali gani itumiwe, na mvuvi alipe katika siku za giza.