Kabla ya miale, anza na daktari wa meno

MZEE mmoja wa hapa Suna aliingia katika chumba changu cha matibabu akiwa ameziba mdomo kwa kitambaa. Alikuwa amepona saratani ya ulimi. Alisafiri hadi Nairobi, akachomwa kwa miale siku tano kila wiki kwa muda wa wiki saba, na uvimbe ukaisha. Nilipomulika kinywani niliona mfupa wa taya ukiwa wazi, penye jino lililong'olewa miezi minne iliyotangulia.

"Jaduong', jino hili lilitolewa wapi?" nilimuuliza.

"Liliniuma, daktari, nikaenda likang'olewa. Hakuna aliyeniuliza kama nilichomwa." Kisha akaongeza: "Saratani imeniacha, lakini siwezi tena kula na watu. Harufu inanitia aibu."

Wagonjwa wengi wa saratani ya kinywa, koo na shingo hupata taabu hii, nayo mara nyingi ingeweza kuzuiwa.

Miale hufanya nini?

Miale huua chembe za saratani, lakini pia hugusa sehemu nzima zilizo karibu. Baada ya wiki mbili hivi za tiba, kinywa huanza kufanya vidonda na kumeza huwa shida. Ukungu mweupe unaweza kuota juu ya ulimi. Chakula hupoteza ladha.

Vidonda hupona baada ya tiba kwisha. Ukavu wa kinywa huweza kubaki kwa miaka, maana tezi za mate zimeumia. Mate ndiyo yanayolainisha tonge na kulinda meno. Yakipungua, ugali hukwama kooni na meno huoza upesi, hasa karibu na ufizi. Misuli ya taya nayo hukakamaa, mgonjwa akashindwa kufungua kinywa vizuri.

Hatari kubwa zaidi ni ya mfupa. Taya lililopigwa miale mingi hupungukiwa na damu. Jino likitolewa hapo, kidonda kinaweza kukataa kufunga na mfupa ukafa. Hatari hii haiishi kwa mwaka mmoja. Humfuata mgonjwa maisha yake yote.

Ndiyo sababu kila anayepangiwa miale ya kichwa au shingo yafaa amwone daktari wa meno kwanza. Meno mabovu yasiyoweza kuzibwa hutolewa wiki mbili au tatu kabla, ili vidonda vipone. Lakini tiba ya saratani isicheleweshwe ovyo. Madaktari hao wawili wapatane juu ya siku.

Utunzaji wa nyumbani

Piga mswaki laini mara mbili kwa siku, kwa dawa ya meno yenye floraidi. Sukutua mara kwa mara kwa maji haya: kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha soda ya kuokea katika lita moja ya maji safi. Usitumie magadi ya kupikia mboga, wala dawa ya kusukutua yenye pombe.

Kunywa maji kidogo kidogo mchana kutwa. Vyakula laini hupita vizuri: uji, supu ya samaki, mrenda, ndizi zilizopondwa. Epuka pilipili na ndimu wakati wa vidonda, na soda zenye sukari wakati wote. Fungua na ufunge kinywa kwa mazoezi kila siku. Meno ya bandia yatolewe usiku. Sigara, tumbaku ya kutafuna na pombe ziachwe kabisa.

Na jino likiuma baadaye, kabla ya koleo kuguswa, tamka wazi: "Nilichomwa kwa miale shingoni." Chukua barua ya hospitali uende nayo.

Dalili za kuangalia

Kidonda cha kinywa kisichopona kwa wiki tatu, uvimbe shingoni, sauti kukwaruza kwa muda mrefu, au jino kulegea bila sababu, visipuuzwe. Kwa watoto wa kanda hii ya ziwa, taya likivimba haraka na meno kulegea, usidhani ni jino tu. Huenda ni saratani ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 alipokuwa akifanya kazi Kampala. Hutokea zaidi penye malaria nyingi, na mtoto akiwahishwa hospitali huweza kupona kwa dawa.

Mzee wangu nilimpeleka kwa wapasuaji wa kinywa. Mfupa uliokufa ulitolewa na harufu imekwisha, ingawa anatafuna kwa upande mmoja. Siku chache zilizopita aliniambia amekula omena mezani pamoja na wajukuu wake.

Msomaji, kama una jamaa anayesubiri miale, muulize leo: meno yako yameangaliwa? Usipoziba ufa, utajenga ukuta.