Bidhaa Ni Ipi, Iko Namna Gani, na Ni ya Nani?

Hapa Kagoma, inapoanzia barabara ya lami ya kilomita 154 iendayo Biharamulo hadi Lusahunga, wenye maduka, hasa vijana, wameanza kuandika mali zao katika simu na kompyuta badala ya daftari. Tunalipongeza jambo hilo. Hata hivyo, tunapoketi nao kukadiria zaka mwaka unapotimia, au tunapoitwa na familia iliyofiwa na mwenye duka, mara nyingi tunakuta orodha ndefu isiyojibu swali lolote. Imeandikwa “kanzu”, kisha “kanzu nyeupe”, kisha “knz 56”, kisha “kanzu mpya”. Huenda mistari hiyo minne ni kitu kimoja, huenda ni vinne. Aliyeiandika ndiye pekee aliyejua. Mjane anauliza duka lina nini, na simu imewaka mkononi mwake bila ya kumwambia kitu.

Kasoro hapo haimo katika programu. Imo katika kuchanganya mambo mawili: kundi la bidhaa, yaani bidhaa ni kitu gani, na sifa zake, yaani iko namna gani.

Mhaya aliyelelewa kibandani hahitaji mwalimu wa kumfundisha tofauti hiyo. Anajua ndizi za kupika, anajua nkonjwa za kuchoma, anajua za kuiva na kuliwa, na zipo nyingine za pombe ambazo sisi hatuna haja nazo. Hayo ni makundi, nayo yamepangwa kwa matumizi. Mkungu ukiwa mkubwa au mdogo, mbichi au umeanza kuiva, bei yake hubadilika lakini kundi halibadiliki. Hakuna mama anayeubatiza mkungu mkubwa jina jipya.

Turudi kwenye kanzu. Tuseme duka linauza urefu wa inchi 54, 56, 58 na 60, rangi tatu, zenye kola na zisizo na kola. Nne mara tatu mara mbili ni aina 24. Mwenye kuziandika kwa mkono atatunga majina 24, na msaidizi wake atatunga mengine. Programu kama Odoo na ERPNext hufanya kinyume chake: unaandika “kanzu” mara moja, unaipa sifa tatu, yaani urefu, rangi na kola, nayo programu inazaa mistari yenyewe, kila mmoja na idadi yake. Usiiruhusu izae yote 24 ikiwa rafu ina tisa tu. Mistari mitupu huchosha macho, na muuzaji aliyechoka hubonyeza wowote ulio karibu.

Wala si kila tofauti inastahili kuwa sifa. Kipimo chetu ni hiki: je, tofauti hiyo inabadilisha bei, au mnunuzi atakataa moja na kudai nyingine? Urefu wa kanzu ni sifa. Rangi ya kifuniko cha ndoo, mara nyingi, si sifa.

Yapo makosa mengine yanayopoteza mali kimyakimya, nayo ni ya vipimo. Sukari huingia kwa gunia la kilo 50 na kutoka kwa kilo na robo. Khanga huuzwa kwa doti, na kila doti ni vipande viwili. Mafuta huja kwa dumu la lita 20 na kumiminwa kwa kipimo kidogo. Anayeandika “gunia la sukari” na “kilo ya sukari” kama bidhaa mbili ataona programu ikimwambia amebakiwa na magunia matatu, na kilo zimefika hasi arobaini. Bidhaa iwe moja, hesabu yake iwe ya kilo, na gunia liwekwe kuwa kipimo cha kununulia chenye kilo 50 ndani yake.

Kodi nayo ifuate bidhaa. Kwa aliyesajiliwa VAT, sabuni hutozwa kodi hiyo, ilhali maharage yasiyosindikwa yamesamehewa. Alama hiyo ikikosewa mara moja, kila risiti inayofuata ni kosa. Bidhaa zisizo na msimbo pau, kama mchele wa kupima, zipewe namba za duka zinazoanza na 20 hadi 29, ambazo zimetengwa kwa matumizi ya ndani. (Na msimbo unaoanza na 620 unaonyesha kuwa namba imesajiliwa Tanzania, kama 616 ilivyo ya Kenya, hauthibitishi kuwa bidhaa imetengenezwa huko.)

Mafakihi walilijadili suala hili kabla ya umeme. Katika mauzo ya salam, ambapo fedha hutangulia na bidhaa hufuata, walishurutisha jinsi, aina, sifa, kiasi na muda vijulikane. Linganisha na butura ya kwetu, kahawa inaponunuliwa ingali changa mtini, na muuzaji hajui kilo wala ubora wa anachokiuza.

Lipo jambo la tatu ambalo hatujaliona katika orodha ya duka lolote tulilolipitia, nalo ndilo linaloleta ugomvi matangani: mali ni ya nani? Katika rafu moja huwamo mali ya duka, mali kauli, na mali ya mtu aliyeomba auziwe. Hii ya mwisho ni amana. Haiingii katika zaka ya mwenye duka wala katika mirathi yake. Mali kauli iliyokwisha kununuliwa kwa mkopo ni yake, lakini nyuma yake lipo deni la kulipwa kabla ya warithi kugawana. Rafu, mizani na friji si mali ya kuuza, basi visichanganywe na bidhaa ambazo hukadiriwa kwa bei ya soko ya siku hiyo na kutolewa asilimia 2.5.

Programu nyingi huruhusu kuongeza sifa ya kujitungia. Iongezwe ya “mmiliki”, yenye majibu matatu tu: duka, mkopo, amana, na jina la mwenye kudai liandikwe pembeni. Siku ya kuhesabu, mume na mke wakae pamoja, mmoja asome rafu na mwingine aandike, na neno la siri la simu hiyo lijulikane na wote wawili.